Kuchomelea si kuunguza tu: Somo la lugha kutoka Kariobangi

LANGO la nyumba yangu mtaani Umoja lilianguka mwezi uliopita. Halikugongwa na gari wala kusukumwa na upepo. Mjukuu wangu alilifungua aende dukani kununua maziwa, bawaba ya juu ikaachana na nguzo, na lango zima likalala pale pale alipokuwa amesimama muda mfupi kabla. Hakuumia. Mimi ndiye sikupata usingizi usiku huo. Asubuhi nilikifunga kipande cha bawaba kwa gazeti, nikaabiri matatu hadi Kariobangi Light Industries kwa fundi mmoja mkongwe ambaye kazi yake naiamini.

Fundi alikitazama mara moja tu.

“Mwalimu, hii haikuchomelewa. Hii ilipakwa juu juu, kama Blue Band kwa mkate. Ona, chuma ya chini bado ni safi. Moto haikuingia.”

Msomaji atauliza: ukumbi wa lugha na bawaba za lango, wapi na wapi? Jibu limo katika kitenzi chenyewe alichotumia fundi.

Kitenzi ‘choma’ kina maana mbili kuu. Kwanza, kuunguza au kupika kwa moto: tunachoma taka, tunachoma nyama. Pili, kudunga kwa kitu chenye ncha: mwiba humchoma mtu, daktari humchoma mgonjwa sindano. Sina haja ya kuamua hapa iwapo hilo ni neno moja au ni maneno mawili yanayofanana. Katika kauli ya kutendea tunapata ‘chomea’, na kiambishi hicho kikiongezwa tena tunapata ‘chomelea’. Mnyambuliko wa aina hii tunauona katika ‘enda, endea, endelea’ na ‘tupa, tupia, tupilia’. Mara nyingi huongeza maana ya kulishikilia tendo au kulifikisha ukomo wake. Ukitupilia mbali hoja, hutarajii irudi.

Kabla ya umeme kufika karakana zetu, neno ‘chomelea’ lilikuwa na kazi nyingine. Kamusi za zamani zinalitaja kwa maana ya kukarabati paa la makuti kwa kupachika makuti mapya palipochakaa. Fundi wa paa hakuunguza kitu. Aliingiza kipya ndani ya kikuukuu mpaka vikashikana. Kwa hiyo neno tunalolitumia leo linabeba mambo mawili: moto na kupenya. Aliyetengeneza lango langu alitimiza la kwanza akasahau la pili.

Lipo pia neno ‘lehemu’, lenye asili ya Kiarabu. Mzizi wake ndio unaozaa ‘lahm’, yaani nyama, na humo mna dhana ya nyama kushikana jeraha linapofunga. Hata hivyo, lehemu hasa ni ile risasi iliyochanganywa na bati ya kuungia mabati na nyaya. Hapo lehemu ndiyo inayoyeyuka. Vipande vinavyoungwa haviyeyuki. Katika kuchomelea chuma kwa umeme, kingo za vipande vyote viwili huyeyuka pamoja na fimbo ya elektrodi, zikawa dimbwi moja kisha zikaganda. Ganda la fimbo hiyo pia huungua, likatoa gesi na gamba la kulikinga dimbwi dhidi ya hewa. Anayeyaita yote mawili ‘kuunga’ anaficha tofauti inayoweza kumuua mtu.

Nilimwomba fundi anitajie kasoro za kiungo kibaya. Alizitaja bila kusita, na kila moja ilikuwa na jina. Moto ukiwa mdogo, kiungo ‘kinashika juu juu’. Ukizidi, ‘unakula kando’, na ukingo wa chuma hubaki na mfereji. Chuma chenye kutu, mafuta au rangi, au fimbo iliyoingia unyevu, huleta ‘matundu’. Gamba lisipogongwa na kusafishwa kabla ya mkondo wa pili, ‘linazikwa’ ndani. Kasoro mbaya kuliko zote ni ufa, maana hauishii ulipoanzia.

Kuhusu ufa, historia inamuunga mkono. Mnamo Januari 16, 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imetulia gatini Portland, Marekani. Meli nyingi za wakati huo wa vita zilichomelewa badala ya kupigwa ribiti. Viungo vyenye kasoro vilishukiwa, na utafiti wa Constance Tipper katika Chuo Kikuu cha Cambridge ukaonyesha kwamba chuma chenyewe kiligeuka rahisi kuvunjika kwenye baridi. Na kwa kuwa mabamba yalikuwa yameungwa yakawa kitu kimoja, ufa haukupata pa kukomea. Siku hizi viungo vya mabomba na madaraja hupimwa kwa eksirei, kwa mawimbi ya sauti na kwa rangi inayopenya nyufa.

Kariobangi hakuna eksirei, lakini jiriwa na nyundo zipo. Kijana anayefunzwa pale huunga vipande viwili vya majaribio, akavibana kwenye jiriwa na kuvipinda. Kiungo kikiachia kabla ya chuma chenyewe, anarudia.

Kinachonikera ni kwamba kijana huyo hujifunza kwa Kiswahili na Sheng, ilhali vitabu vya fani yake vimeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili lugha rasmi, nasi wasomi tukakalia warsha za kubuni istilahi tukiwa mbali na cheche. Istilahi zimo Kariobangi: kupenya, mshono, gamba, kula kando, kushikiza. Hilo la mwisho fundi wa chuma analishiriki na fundi cherehani, na kwa wote wawili ni mshiko wa muda tu, unaosubiri mshono kamili. Kazi yetu ni kuzikusanya, kuzifafanua na kuzirudisha kwa wenyewe zikiwa kitabuni.

Nawe msomaji, ukiagiza lango au kibao cha kuwekea tangi la maji, usiulize bei peke yake. Uliza: “Fundi, moto umepenya?” Kisha omba kuuona mshono kabla haujasagwa na kupakwa rangi, kwa sababu rangi huficha mengi.

Lango langu lilirudi Jumamosi. Mshono wa kwanza ulikuwa wa mwanafunzi. Mzee aliugonga kwa nyundo, akautazama, kisha akaukata.

“Rudia,” alimwambia. “Hapa kuna mtoto.”