Mkaguzi Huja Jumanne

Sheria ya Marekani inamtoza faini mtu yeyote atakayeidokezea nyumba ya wazee siku ambayo wakaguzi watafika. Kiwango kilichoandikwa sheria ilipotungwa kilikuwa hadi dola 2,000. Msimamizi mzoefu, hata hivyo, hana haja ya kudokezwa. Sheria hiyohiyo inataka kila nyumba ikaguliwe kabla ya miezi 15 kupita tangu ukaguzi uliotangulia, na wastani wa jimbo zima uwe miezi 12. Kwa hiyo mwezi wa kumi tangu ukaguzi uliopita ukiingia, rangi mpya huanza kunukia kwenye korido, mafaili yanapangwa, na ratiba ya zamu inajaa majina. Siri ambayo kila mtu anaweza kuihesabu kwa vidole si siri tena.

Mpango wenyewe ulifikiriwa vizuri. Mwaka 1986 taasisi ya wataalamu wa tiba iliyoagizwa na serikali ilitoa ripoti nzito kuhusu hali ya nyumba za wazee, na Desemba 1987 Rais Reagan akatia saini sheria iliyobadilisha maana ya neno ukaguzi. Kabla ya hapo mkaguzi alitazama jengo na makabrasha: je, nyumba hii ina uwezo wa kuhudumia? Mna mlango wa dharura? Mna muuguzi mwenye cheti? Baada ya 1987 alitakiwa kwenda kitandani na kuuliza kama mzee amehudumiwa kweli. Kila mkazi apimwe hali yake mara kwa mara kwa fomu moja ya nchi nzima. Wasaidizi wa wauguzi wasomee kazi kwa saa zisizopungua 75. Na mtu asifungwe kamba kitandani au kwenye kiti kwa sababu tu wahudumu ni wachache.

Hili la kamba nalitaja kwa makusudi, kwa sababu ndilo lililofanikiwa, na ndilo linaloonyesha pia jinsi mafanikio yanavyoweza kuhama chumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya mkazi mmoja kati ya watano alikuwa akifungwa kwa mikanda, fulana maalumu au meza ya kiti isiyofunguka. Kufikia 2007 walikuwa wamebaki kama watano kati ya mia. Ni kazi kubwa, na anayesema ukaguzi haufanyi lolote aanze kwa kuieleza hiyo. Sababu yake si ngumu kuiona: kamba inaonekana. Mkaguzi anayepita mlangoni anaiona, mwana wa mzee anaiona, na hakuna fomu inayoweza kuifuta.

Kidonge hakionekani. Mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, anayepiga kelele jioni na kutaka kwenda kwao, anaweza kutulizwa kwa mtu wa kukaa naye au kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Mtu wa kukaa naye ana mshahara. Dawa hizo kwa wazee wa aina hiyo huongeza hatari ya kufa, na onyo hilo limebandikwa kwenye dawa zenyewe. Mwaka 2012 serikali ilianzisha kampeni ya kuzipunguza na kuanza kutangaza takwimu za kila nyumba. Takwimu zikashuka, kutoka karibu asilimia 24 ya wakazi hadi chini ya asilimia 15. Lakini hesabu hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma: mkazi mwenye skizofrenia hakuhesabiwa, kwa kuwa yeye dawa ni haki yake.

Basi skizofrenia ikaanza kuwashika watu wakiwa na miaka 80. Ni ugonjwa ambao kwa kawaida hujitokeza kabla ya mtu kufikisha miaka 40, na nje ya nyumba hizo unampata takribani mtu mmoja kati ya 150. Gazeti la New York Times lilipochambua kumbukumbu mwaka 2021 lilikuta mkazi mmoja kati ya tisa amepewa jina la ugonjwa huo, na kwamba ukiwahesabu wote, wanaotumia dawa hizo hawakupungua asilimia 21. Ni mstari mmoja tu kwenye fomu, umewekewa alama ya tiki na mtu aliyeketi ofisini. Januari 2023 serikali ikatangaza kwamba itapekua majina hayo ya magonjwa, na nyumba itakayokutwa imeyaandika ovyo itashushwa alama zake za ubora hadi nyota moja kati ya tano. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu mlango ule wa nyuma uachwe wazi.

Nitamtetea mkaguzi kidogo, maana ni rahisi kumcheka. Timu huja ikiwa na muuguzi angalau mmoja, na hukaa siku tatu, nne, tano. Wahenga wetu walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe, lakini huyu analo lake. Anachagua wakazi, anawahoji, anakaa na baraza lao. Anamfuata muuguzi anayegawa dawa na kuhesabu nafasi zisizopungua 25 za kukosea. Makosa yakifika asilimia tano, nyumba imeanguka hapo. Jikoni anachomeka kipimajoto kwenye mchuzi. Anageuza mgonjwa na kutazama mgongo na visigino kama kuna vidonda vya kulalia, na hili kwa maoni yangu ndilo jambo la ukweli kuliko yote katika ukaguzi mzima, kwa sababu kidonda cha kulalia hakitokei siku ambayo mkaguzi amekuja. Kimetokana na usiku mwingi ambao mtu hakugeuzwa. Ngozi ina tarehe zake.

Baadaye makosa hupangwa kwa herufi kuanzia A hadi L, kufuatana na ukubwa wa madhara na idadi ya waliofikiwa. J, K na L maana yake ni hatari ya papo hapo kwa maisha. Makosa mengi mno huishia katikati, kwenye herufi za wale ambao inasemekana hawajaumia bado ila wangeweza. Kisha nyumba yenyewe huandika mpango wa marekebisho: tutawafundisha upya wafanyakazi, tutaweka fomu mpya ya kufuatilia. Nimesoma mipango ya aina hiyo ya kutosha kujua kwamba karibu kila tatizo huponywa kwa semina. Mzee kaanguka chooni kwa sababu kengele yake haikujibiwa. Wafanyakazi watafundishwa umuhimu wa kujibu kengele. Kwamba usiku ule alikuwapo msaidizi mmoja kwa korido nzima, hilo halina semina.

Nyota zilikuja Desemba 2008. Serikali ilitaka mtu anayemtafutia mama yake mahali aweze kulinganisha nyumba kwa haraka kama anavyolinganisha hoteli, na ikatumia vitu vitatu: matokeo ya ukaguzi, idadi ya wahudumu, na vipimo vya hali ya wakazi. Cha kwanza kilitoka kwa wakaguzi. Viwili vilivyobaki vilitoka kwenye nyumba zenyewe, kwa kalamu zao. Nyota zikaongezeka mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyeshangaa ila walioishi humo. Tena hata nyota za ukaguzi hutolewa kwa kupanga nyumba za jimbo moja mstari mmoja: asilimia kumi za juu ndizo zipate tano, asilimia ishirini za chini zipate moja. Nyota tano haikuambii kwamba mama yako yuko salama. Inakuambia kwamba majirani ni wabaya zaidi.

Mwishoni mwa Februari 2020, korona ilipoanza kusambaa Marekani, nyumba ya wazee ya kwanza kujulikana dunia nzima ilikuwa mjini Kirkland, jimbo la Washington. Makumi ya wakazi wake walikufa. Ilikuwa na nyota tano. Ukaguzi wa mwaka uliotangulia ulikuwa umeitaja kwa kasoro za kuzuia maambukizi, kasoro zikaandikiwa marekebisho, jambo likaisha. Mwezi wa Machi serikali ikasimamisha ukaguzi wa kawaida nchini kote na kubakiza ule wa maambukizi na wa hatari ya papo hapo, na mwezi huohuo ikawafungia mlango jamaa wa wakazi. Naona hatua hii ya pili ndiyo iliyoondoa macho mengi zaidi. Binti anayekuja kila alasiri kumlisha baba yake anajua kama amepungua, kama shuka ni ya jana, kama meno ya bandia yamepotea. Hana fomu wala cheti, lakini anakuja bila kutangaza, na anakuja Jumapili.

Jumapili ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 2016 serikali ilianza kuzitaka nyumba zipeleke hesabu za wahudumu kutoka kwenye daftari la mishahara, si kwa kukadiria, na mwaka 2018 hesabu hizo zikaanza kutumika kwenye nyota. Waandishi wa habari wakazichambua mara moja. Nyumba saba kati ya kumi zilikuwa na wahudumu wachache kuliko zilivyokuwa zikidai, kwa wastani wa asilimia 12. Na mwisho wa wiki wauguzi walipungua kwa asilimia 11, wasaidizi kwa asilimia 8. Hakuna mkaguzi aliyeligundua hili kwa miaka thelathini, na si kwa uzembe. Walikuja siku za kazi. Kanuni ilitaka angalau ukaguzi mmoja kati ya kumi uanze nje ya saa za kawaida, lakini alfajiri ya Jumatano nayo ilikubalika. Ni baada ya daftari la mishahara kusema ndipo majimbo yalipoagizwa nusu ya kaguzi hizo ziwe za Jumamosi na Jumapili.

Kwa nini daftari lisidanganye kama fomu ilivyodanganya? Kwa sababu ukiandika kwamba mtu alifanya kazi, lazima umlipe. Waliobuni nyota wangeanza na hilo, wangejiokolea miaka kumi.

Wakati huohuo wakaguzi wenyewe wanapungua. Kamati ya wazee ya Seneti iliripoti Mei 2023 kwamba asilimia 28 ya nyumba zilikuwa zimepitisha muda wa ukaguzi wake, na kwamba mashirika ya ukaguzi 32 yalikuwa na angalau nafasi moja wazi kati ya tano. Bajeti ya kazi hiyo ilikuwa imekaa palepale kwa miaka karibu kumi. Mkaguzi mara nyingi ni muuguzi, na muuguzi hospitali inamlipa zaidi. Nyumba ziko takribani 15,000, zenye watu kama milioni 1.2. Herufi za A hadi L hazina kazi kama hakuna wa kuziandika.

Wasomaji wengi wa makala hii wana ndugu ndani ya nyumba hizo, na si kitandani. Huko Massachusetts, Minnesota na Texas, Wakenya wengi waliofika kusoma au kwa bahati ya viza wameanzia kazi ya msaidizi wa muuguzi, ile wanayoitaja kwa herufi tatu, CNA. Watanzania wanayo lugha yao ya jumla kwa kazi za ughaibuni, kubeba boksi, ingawa boksi hili lina pumzi na linakumbuka vita vya Korea. Ni hao wanaojua zamu ya usiku ilikuwa na watu wangapi. Mkaguzi anaruhusiwa kuwauliza, na huwauliza, mara nyingi wakiwa wamesimama mlangoni na msimamizi akipita. Anayetegemea zamu za ziada ili atume ada ya shule nyumbani atajibu kwamba mambo ni mazuri. Sheria inamlinda anayesema ukweli. Inamlinda asifukuzwe, lakini ratiba ya wiki ijayo haimo ndani ya ulinzi huo, au imo kwa namna ambayo hakuna mtu wa zamu ya usiku mwenye muda wa kwenda kuidai.

Aprili 2024 serikali hatimaye ilisema wazi kile ambacho makaratasi yote yalikuwa yakikizunguka: kila mkazi apate saa 3.48 za huduma kwa siku, 2.45 kati yake kutoka kwa wasaidizi, na muuguzi aliyesajiliwa awepo saa zote 24. Utafiti wa serikali hiyohiyo wa mwaka 2001 ulikuwa umetaja 4.1. Wenye nyumba walisema wafanyakazi hawapatikani na fedha hazitoshi, na kwa nyumba za vijijini hawakuwa wakitunga. Wakaenda mahakamani. Aprili 2025 jaji wa shirikisho huko Texas akaifuta kanuni, na Julai mwaka huo Bunge likapiga marufuku utekelezaji wake hadi 2034.

Kwa hiyo kinachobaki ni kuhesabu. Tangu 2022 idadi ya wahudumu wa mwisho wa wiki imewekwa wazi, nyumba kwa nyumba, pamoja na kiasi cha wafanyakazi wanaoacha kazi kila mwaka. Ripoti ya ukaguzi wa mwisho nayo ni lazima iwekwe mahali ambapo mgeni anaweza kuisoma bila kuomba. Mara nyingi iko kwenye jalada karibu na mapokezi. Iulizie ya mwaka juzi pia, uone ni kosa gani limerudi baada ya semina.