KITANDA KIMOJA, BEI MOJA
Funzo la bei za hospitali kutoka jimbo la Maryland, Marekani



Tunapokaa mezani na mwajiri kuzungumzia mkataba wa hali bora, sehemu ya matibabu huwa tunaipitia upesi. Tunauliza: Je, tajiri atalipa au hatalipa? Akikubali, tunashukuru na kurudi kwenye mishahara. Ni mara chache tunauliza swali la pili: Atalipa bei gani, na bei hiyo amepanga nani? Jimbo moja la Marekani, Maryland, lilijiuliza swali hilo zaidi ya miaka 50 iliyopita. Tuangalie walifanya nini na walikwama wapi.

WALIPAJI WENGI, BEI NYINGI

Marekani haina bima moja ya afya kwa raia wote. Wafanyakazi wengi hupata bima kwa njia ya kazi zao. Wazee wa miaka 65 na zaidi wana bima ya serikali kuu iitwayo Medicare. Maskini wana yao iitwayo Medicaid. Zote mbili zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Wengine hujinunulia bima wenyewe, na mamilioni hawana bima yoyote.

Kwa hiyo, katika sehemu kubwa ya nchi ile, bei ya hospitali hutegemea nani analipa. Tuseme hospitali imeandika katika orodha yake kwamba kitanda ni dola 1,000. Kampuni kubwa ya bima yenye wateja wengi inabishana nayo na kulipa dola 500. Kampuni ndogo inalipa 700. Mtu asiye na bima, asiye na wa kumsemea, anaweza kuandikiwa dola 1,000 zote. Kitanda ni kile kile, shuka ni zile zile, sindano ni ile ile, lakini mnyonge ndiye anayedaiwa zaidi. Sisi wa vyama tunaijua hesabu hii. Anayekwenda peke yake ofisini kwa meneja hurudi na kidogo.

Tena asidhani mtu kwamba bima ya kazini ni mali ya milele. Kampuni ya chuma ya Bethlehem Steel ilikuwa na kiwanda kikubwa Sparrows Point, karibu na mji wa Baltimore. Ilifilisika mwaka 2001. Mwaka 2003 wastaafu wake na jamaa zao wapatao 95,000 katika nchi nzima walipoteza bima ya matibabu ya kampuni hiyo. Watu waliotoa nguvu zao zote katika tanuri walijikuta wanatafuta mlipaji mwingine.

TUME YA KUPANGA BEI

Maryland ilipitisha sheria mwaka 1971 ya kuunda Tume ya kusimamia gharama za hospitali. Tume ina wajumbe 7 wanaoteuliwa na gavana, nayo hukutana hadharani. Ilianza kupanga bei mwaka 1974. Mwaka 1977 serikali kuu ilikubali kwamba Medicare na Medicaid nazo zilipe kwa bei za Tume, zikiachiwa punguzo dogo tu.

Hospitali mbili zingeweza kuwa na bei tofauti, kwa maana gharama zao si sawa. Lakini ndani ya hospitali moja, kampuni kubwa ya bima, kampuni ndogo na mtu wa mfukoni wote waliandikiwa bei ile ile. Tena ndani ya bei hiyo liliwekwa fungu la kufidia matibabu ya wasioweza kulipa. Hivyo mzigo wa maskini ulibebwa na walipaji wote pamoja, wala haukuiangukia hospitali ya mtaa wa maskini peke yake.

Matokeo yalionekana. Mwaka 1976 gharama ya kumlaza mgonjwa mmoja Maryland ilikuwa asilimia 26 juu ya wastani wa nchi. Kufikia mwaka 2008 ilikuwa imeshuka hadi usawa wa wastani huo. Majimbo mengine kama New York, New Jersey na Massachusetts yalijaribu njia ya namna hiyo, kisha yakaiacha na kurudia soko huria. Maryland ilishikilia.

BEI YA KILO NA FUNGU LA MWAKA

Hata hivyo, hila haikosi njia. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo hutafuta kilo nyingi. Hospitali nazo zilipofungiwa bei ziliongeza idadi ya wagonjwa wanaolazwa. Ndipo mwaka 2014 Maryland ilipopatana upya na serikali kuu: kila hospitali ipangiwe mapema fungu la mapato yake ya mwaka mzima. Ikilaza watu wengi bila sababu, haipati faida. Jimbo liliahidi kuiokolea Medicare dola milioni 330 kwa miaka 5, na likavuka ahadi yake.

Fungu la mwaka nalo lina hatari yake, maana hospitali inaweza kumtoa mgonjwa mapema ili kubana matumizi. Kwa sababu hiyo Tume ilipima pia ni wagonjwa wangapi wanarudi wodini baada ya kuruhusiwa, na wangapi wanadhurika wakiwa mle mle hospitalini.

MADENI MAHAKAMANI

Lakini bei ya haki haikumkinga mtu na mdai. Mwaka 2020 chama cha wauguzi, National Nurses United, pamoja na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, AFL-CIO, walitoa ripoti kwamba kwa miaka 10 hospitali za Maryland zilifungua kesi zaidi ya 145,000 za kudai madeni ya matibabu. Nyingi zilikuwa za chini ya dola 1,000. Watu walikatwa mishahara kwa amri ya mahakama, na hali hospitali zilikwisha kuwekewa fungu la wasioweza kulipa ndani ya bei!

Vyama na wananchi walipiga kelele. Mwaka 2021 sheria mpya ilizuia hospitali kuweka zuio juu ya nyumba anayokaa mdaiwa. Ilizuia pia kukata mshahara wa mtu anayestahili matibabu ya bure au ya bei nafuu. Malipo ya kila mwezi yasizidi asilimia 5 ya pato lake.

Bado kuna pengo. Bei za Tume ni za hospitali tu. Daktari aliyemtibu mgonjwa humo humo anaweza kuleta ankara yake mbali.

TUFANYE NINI

Ndugu wanachama, tusiridhike na neno “matibabu” katika mkataba. Tudai orodha ya bei ionekane kabla ya kutia sahihi. Tudai ankara inayotaja kila kitu: kitanda, dawa, kipimo, daktari. Tudai ijulikane nani atalipa mtu akiachishwa kazi au kiwanda kikifungwa. Na tudai deni la hospitali lisikatwe kwenye mshahara hadi familia ikalala njaa.

Chama cha wauguzi na wenzao walihesabu kesi za Maryland mpaka zikapita 145,000, ndipo wakubwa wakasikia. Kila tawi lianze hesabu yake: nani alilazwa, alidaiwa kiasi gani, aliuza nini ili alipe. Katibu atakayekwenda kwenye mazungumzo aingie na karatasi hiyo mkononi.