Mafua ya mzio: Tiba ya bei nafuu ipo, lakini wengi hununua isiyowafaa

MVUA inapopungua na nyasi kuanza kuchanua, maduka ya dawa hupata wateja wa aina moja. Huingia wakipiga chafya mfululizo, macho mekundu kwa kusuguliwa, na makamasi mepesi yakiwatiririka kama maji.

Wengi huomba "dawa ya homa", nao huondoka na pakiti ya vidonge vya rangi tatu au nne, vikiwemo vya kuua bakteria. Wiki mbili baadaye hali ni ile ile, isipokuwa pesa zimekwisha.

Mkanganyiko huo huanzia kwenye jina lenyewe. Wakenya wengi huita mafua ya kawaida homa, na hivyo kila pua inayotiririka hupewa tiba moja. Hata Waingereza walikosea walipouita ugonjwa huu homa ya nyasi kavu, kwani mgonjwa hapandwi na joto la mwili na nyasi kavu si chanzo kikuu.

Daktari John Bostock ndiye aliyeueleza mjini London mnamo 1819, akisimulia mateso yaliyompata yeye mwenyewe kila msimu wa joto. Mwaka wa 1873, daktari mwingine, Charles Blackley wa Manchester, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia na kuonyesha kuwa kisababishi ni chavua, yaani ule unga mwembamba unaotoka kwenye maua.

Mwili wa mwenye mzio huichukulia chavua kana kwamba ni adui. Chembechembe za kinga humwaga kemikali iitwayo histamini, nayo ndiyo huleta mwasho, chafya na makamasi. Kwa kuwa hakuna bakteria katika kisa hiki, dawa za kuua bakteria hazina kazi ya kufanya, na fedha zinazotumiwa kuzinunua ni hasara tupu.

Kuyatofautisha maradhi haya mawili si vigumu. Mafua ya kawaida huambatana na maumivu ya mwili, pengine joto, na kwa kawaida hupungua baada ya siku saba hadi kumi. Ya mzio hudumu kwa majuma, na dalili yake kubwa ni mwasho wa pua, macho na hata kaakaa. Anayeamka akipiga chafya mwaka mzima, mvua iwe imenyesha au la, afaa kushuku vijidudu vya vumbi vilivyo ndani ya godoro, manyoya ya paka, mende au ukungu ukutani.

Wakazi wa Nairobi nao hupenda kuilaumu mijakaranda inapoitandaza barabara kwa maua ya zambarau kuanzia Septemba hivi. Lawama hiyo haina msingi mkubwa. Chavua ya mjakaranda ni nzito na husafirishwa na wadudu. Inayoingia puani kwa wingi ni ile nyepesi inayopeperushwa na upepo, hasa ya nyasi.

Kuhusu tiba, dawa inayojulikana zaidi nchini ni klofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton. Bei yake ni ya chini na hufanya kazi haraka. Kasoro yake ni usingizi. Dawa hiyo huingia kwenye ubongo na kupunguza wepesi wa kufikiri, hata kwa mtu asiyehisi kusinzia. Kwa dereva wa matatu au mwendeshaji bodaboda, hiyo ni hatari ya maisha, na pombe huizidisha. Vilevile haiwafai watu wenye presha ya macho au wazee wenye shida ya tezi dume bila ushauri wa daktari.

Kwa wanafunzi, hasara huonekana kwenye matokeo. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka wa 2007, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 1,800 wa umri wa miaka 15 hadi 17, ulipata kuwa waliokuwa na dalili za mzio siku za mtihani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 40 wa kushuka gredi, wakilinganishwa na matokeo yao ya mtihani wa majaribio. Kwa waliokuwa wakimeza dawa za mzio zinazoleta usingizi, uwezekano huo ulipanda hadi asilimia 70. Mtihani wa KCSE hufanywa mwishoni mwa mwaka, wakati wa mvua za vuli, na mzazi anayempa mtahiniwa Piriton kila asubuhi afaa kufikiri tena.

Badala yake kuna setirizini na loratadini, dawa za kizazi cha pili. Hazileti usingizi mwingi, ingawa setirizini huwasinzisha baadhi ya watu, na mtu mzima humeza kidonge kimoja pekee cha miligramu 10 kwa siku. Hapa ndipo hesabu inapohitajika. Kidonge cha Piriton ni rahisi kikilinganishwa kimoja kwa kimoja, lakini nguvu yake huisha baada ya saa chache na mgonjwa hulazimika kumeza vitatu, vinne au zaidi kwa siku. Anayelinganisha gharama na alinganishe ya siku nzima.

Isitoshe, dawa hizi zote mbili hutengenezwa na kampuni nyingi, na bei hutofautiana sana kati ya pakiti na pakiti ilhali dawa iliyomo ni moja. Mnunuzi amwambie mfamasia jina la dawa yenyewe, si la kampuni, kisha aulize ipi ni ya bei ya chini zaidi miongoni mwa zilizosajiliwa.

Kwa wanaoteseka kwa majuma, hasa walioziba pua, dawa yenye nguvu kuliko vidonge ni ya steroidi ya kupuliza puani, kama vile beklometasoni au flutikasoni. Bei ya chupa huwatisha wengi. Hata hivyo, chupa ya mipulizo 120, kwa mtu mzima anayepuliza mara mbili katika kila tundu la pua kwa siku, hutosha mwezi mzima. Wengi huiacha baada ya siku mbili wakidai haifanyi kazi, kumbe huhitaji siku kadhaa, pengine wiki mbili, kufikia nguvu yake kamili. Mtumiaji ainamishe kichwa mbele kidogo na kuelekeza ncha upande wa sikio, si katikati ya pua.

Matone ya kuzibua pua ni jambo jingine. Huleta nafuu papo hapo, lakini yakitumiwa zaidi ya wiki moja hivi pua huziba upya, mara nyingi vibaya kuliko awali. Sindano za steroidi ambazo baadhi ya kliniki huchoma wagonjwa wa mzio hazifai kuwa tiba ya kawaida, kwa sababu madhara yake huenea mwili mzima na haziwezi kuondolewa zikishaingia.

Tiba rahisi kuliko zote iko jikoni. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa hutosha kuoshea pua na kuitoa chavua. Maji ni lazima yachemshwe, kwa kuwa ya mfereji au kisima yanaweza kuwa na vimelea hatari vikipitia puani. Vaselini ikipakwa kuzunguka matundu ya pua hunasa sehemu ya chavua kabla haijaingia.

Asali nayo husifiwa sana, lakini chavua iliyomo ni ya maua yanayotembelewa na nyuki, si ya nyasi. Ni tamu kwa chai, basi.

Wajawazito wapate ushauri kabla ya kumeza chochote, na watoto wa chini ya miaka miwili wasipewe dawa hizi bila daktari. Watu wengi wenye pumu huwa pia na mafua ya mzio, na pua isipotibiwa pumu huwa ngumu kudhibiti. Mgonjwa anayesikia kifua kikipiga filimbi, anayekosa pumzi usiku, au anayetokwa na makamasi ya damu upande mmoja wa pua, aende zahanati au hospitalini siku hiyo hiyo.