Je, Wajua? Ukame Ulio Mgongoni mwa Usambara

Je, wajua kwamba ukitoka Kilole, mjini Korogwe, ukashika barabara ya Moshi, kijani kinaanza kukuaga njiani? Kulia kwako Milima ya Usambara imesimama kama ukuta, na vilele vyake vinapita mita 2,000. Kushoto ni tambarare tu hadi Handeni.

Upepo wa Bahari ya Hindi hufika na unyevu wake, ukapandishwa na milima, ukapoa, ukamwaga mvua. Amani, Usambara Mashariki, hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Upepo ukivuka na kushuka upande wa pili, umeshakauka. Ndiyo maana bonde la Mkomazi, kati ya Usambara na Upare, lina miiba na mibuyu, ilhali misitu yenye ukungu iko palepale juu, huku mkulima wa bondeni akiitazama kwa macho tu!

Wengi hudhani milima hii ni volkano kama Kilimanjaro. Sivyo. Ni miamba ya kale mno iliyoinuliwa kwenye nyufa za ardhi, na bonde la Lwengera, linaloshukia Korogwe, ndilo linalotenga Usambara Mashariki na Magharibi.