Kuvuta Tela Zito kwa Pikipiki ya Magurudumu Manne



Pikipiki ya magurudumu manne ni msaada mkubwa kwa mtu wa shamba. Hupita penye mchanga, tope na visiki, tena huvuta tela. Lakini kuvuta si kazi. Kazi ni kulizuia tela lisimsukume mwenye kulivuta. Yafaa tulieleze jambo hili, na mfano wetu twautoa bara, huko Ipole, Wilaya ya Sikonge, Mkoa wa Tabora.

Ipole ni njia panda: barabara moja yaelekea Mpanda, nyingine Rungwa. Ni nchi ya miombo, na watu wake hulima tumbaku na kurina asali. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilikwenda Tabora kwa miguu, na mpagazi mmoja alibeba kadiri ya frasila mbili, yaani ratili 70. Mpagazi aliujua uzito kwa bega lake. Dereva aliyekaa juu ya mashine haujui. Kwake mzigo ni kanda la usufi.

Kwanza ni hesabu. Tuseme mfuga nyuki wa Ipole ana mashine ambayo kitabu chake chasema isivute zaidi ya kilo 400, pamoja na tela lenyewe. Tela likiwa na kilo 120, zimebaki kilo 280 za mzigo. Ndoo ya lita 20 za maji ina kilo 20, na mwenye kukisia kwa maji atapakia ndoo 14. Lakini asali ni nzito kuliko maji: lita moja ni karibu kilo 1.4, na ndoo moja ni kilo 28. Ndoo 10 zatosha. Aliyepakia 14 amezidisha kilo 112.

Pili ni kupakia. Vitu vizito viwe chini, na mbele kidogo ya ekseli, hata fungu moja katika kumi la uzito wote likalie ndoano, bila kupita kipimo cha kitabu. Mzigo ukiwa nyuma, tela huinua mkia wa mashine, matairi yakakosa kushika, na tela likayumba. Fungeni mzigo kwa kamba imara, maana ndoo zikiteleza hesabu yote imeharibika.

Tatu, fungeni tela kwenye ndoano yake tu. Msifunge kamba kwenye kichanja cha nyuma. Kuvuta kwa juu huweza kuipindua mashine kinyumenyume.

Nne ni kilima. Mashine nyingi za namna hii zina kadiri ya kilo 300, nalo tela lililojaa ni kilo 400, na matela mengi madogo hayana breki. Wakati wa kushuka tela huisukuma mashine, na mashine ikikaa mshazari tela huisukuma ubavu ikapinduka. Basi tieni gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, mwende polepole na moja kwa moja, wala msiachie gia. Mkishindwa njiani kupanda, shikeni breki, mtie kabari nyuma ya matairi, mpunguze mzigo. Msigeuze kilimani, wala mtu asisimame nyuma ya tela.

Tano, asipande mtu juu ya tela, hasa watoto. Akianguka, matairi yampita kabla dereva hajageuka.

Kwetu sisi kilo 280 ni karibu frasila 17 na nusu. Mwenye shamba la vilima, kama yalivyo mengi ya Pemba, apunguze hapo. Kila mmoja atazame kitabu cha mashine yake, apige hesabu, kisha aandike ubavuni mwa tela, kwa rangi, idadi ya frasila isiyopitwa. Hata kijana aliyeajiriwa jana ataisoma, na safari mbili za salama zitampa mwenye mali faida kuliko moja iliyoishia bondeni.