Neno moja, masikio mengi

Mgeni mkubwa akifika, kila mtu humsikia kwa sikio lake. Ndivyo ilivyokuwa Papa Fransisko alipokuja Kinshasa tarehe 31 Januari 2023. Wasomaji wetu wakumbuka kwamba safari hiyo ilipangwa kwa Julai 2022, ikaahirishwa kwa sababu ya goti lake. Na Goma, mji uliokuwamo katika mpango wa kwanza, uliachwa kwa ajili ya vita.

Siku ile ile, mbele ya Rais Tshisekedi, wakubwa wa serikali na mabalozi, Papa alinena neno lililozunguka dunia: watu waondoe mikono yao juu ya Kongo na juu ya Afrika yote, kwani Afrika si shimo la madini la kunyonywa, wala si nchi ya kuporwa. Magazeti na redio za ng'ambo zililikamata neno hilo, zikalitangaza kuliko mengine. Si vibaya. Nchi yetu husahauliwa mara nyingi, na kwa siku hizo chache macho ya watu yaligeukia kwetu.

Wanasiasa nao walikuwa na lao. Rais, katika kumkaribisha mgeni, aliishitaki Rwanda kuwa na mkono katika ukatili wa mashariki, jambo ambalo Rwanda imelikana mara nyingi. Papa hakutaja jirani yeyote.

Lakini hotuba ile ilikuwa na sehemu ya pili, nayo yawahusu walio ndani ya nyumba. Papa alilaumu rushwa na upendeleo wa kabila. Aliwalilia watoto wanaokufa kwa kazi ya utumwa machimboni, hali mahali pao ni shuleni. Akataka uchaguzi huru, wa wazi na wa kuaminika. Maneno ya namna hiyo hakuna chama kinachoyaandika kwenye bendera yake.

Tarehe 2 Februari, katika Stade des Martyrs, aliwasihi vijana wakatae rushwa. Hapo wengi waliimba kwa Kilingala, wakimwonya Rais ya kuwa muhula wake umekwisha. Basi, hao nao walitwaa neno la Papa wakalifanya mkuki. Uchaguzi ulifanyika Desemba 2023. Rais alitangazwa mshindi, na wachunguzi waliotumwa na maaskofu Wakatoliki pamoja na Waprotestanti waliandika kasoro nyingi.

Je, neno gani halikutwaliwa na mtu? Tarehe 1 Februari, katika Misa ya Ndolo, mbele ya watu zaidi ya milioni moja, Papa aliwaambia wanaojiita Wakristo huku wakitenda jeuri: wekeni silaha chini, pokeeni huruma. Jioni alikutana na watu wa mashariki walioteswa vitani; nao waliweka panga chini ya msalaba. Neno hilo halimfai mwanasiasa, kwa maana halimpi adui wa kumnyoshea kidole. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23. Na tarehe 21 Aprili mwaka huo Papa Fransisko alifariki.

Baba na mama wa jamaa, redio ikiwaletea neno moja la Papa, tafuteni hotuba nzima. Mwombeni katekista au mwalimu awasomee. Kisha, kabla ya kuuliza neno gani linamhukumu jirani, ulizeni mbele ya watoto wenu: lipi latuhusu sisi?