Kipande si Hisani

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Juma hili nauliza hivi: mgeni aliyepewa jembe, akalima maisha yake yote, akazaa na kuzikwa hapa hapa, je, wajukuu wake nao ni wageni?

Swali hili lina wenyewe. Zama za ukoloni, Wamakonde kutoka Msumbiji waliingia pwani yetu kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wengi walikaa Kwale. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, jembe walikuwa nalo, uraia hawakuwa nao.

Kwa nini? Duniani kuna mapokeo mawili ya uraia. La kwanza ni la udongo: ulipozaliwa ndipo kwenu. Marekani ililiandika katika katiba yake mwaka 1868. La pili ni la damu: uraia wako ni wa mzazi wako, kama ilivyosema sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804. Kenya ilichanganya yote mawili. Mwaka 1963 kuzaliwa hapa hakukutosha. Ilitakiwa mzazi wako mmoja naye awe amezaliwa hapa. Mwaka 1985 katiba ikabadilishwa, mtoto akawa raia iwapo tu mzazi mmoja ni raia. Basi asiye na uraia akazaa asiye na uraia.

Tusidhani hilo ni jambo la karatasi tu. Mtu mzima asiye na kipande hapigi kura, hafungui akaunti ya benki, wala hasajili laini ya simu kwa jina lake. Polisi akimsimamisha njiani, hana cha kuonyesha.

Katiba ya mwaka 2010 ilirekebisha mengi. Mtoto ni raia iwapo mama au baba ni raia, awe amezaliwa Kisumu au London. Zamani, aliyezaliwa ng'ambo alirithi kwa baba pekee. Tena kifungu cha 12 kinasema pasipoti na kitambulisho ni haki ya kila raia. Sheria ya Uraia ya mwaka 2011 nayo ikawaruhusu watu wasio na nchi, walioishi hapa tangu siku ya uhuru, kuomba kuandikishwa.

Mlango ulikuwapo, lakini wa kuufungua hakuonekana. Mwezi wa Oktoba 2016, Wamakonde waliondoka Kwale kwa miguu, wakashika njia ya Ikulu, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Baadaye Washona na Wapemba walifuata njia hiyo hiyo ya kutambuliwa.

Tulishangilia, na ilistahili. Lakini tujiulize: kama sheria ilikwisha kuwapo tangu mwaka 2011, kwa nini wazee na akina mama walilazimika kuchubuka miguu ndipo isomwe? Haki inayongoja amri ya mkubwa hugeuka kuwa hisani, na hisani huweza kunyimwa.

Nawe msikilizaji, mtoto wako ana cheti cha kuzaliwa? Kama hana, usingoje afike miaka 18. Mwandikishe sasa, asije akaitwa mgeni nyumbani kwao.